Kabati la Maandazi

Paka hapana. Daktari alishasema
manyoya yanambana Nyamizi kifua.
Mbwa hapana. Sungura, usimtaje.
Na kasuku anunuliwe na nani,
kwa pesa ya kuziba viraka vya tyubu?
Akarudi na jibu lake, darasa la nne, soksi moja chini:
"Baba, chura hana unyoya hata mmoja."

Miaka yote nimewatimua kwa ufagio.
Leo naambiwa nichague.

Nyumba tulikuwa nayo tayari: kabati la maandazi
la Mama Holo, aliyehamia Sengerema,
kioo pande tatu, wavu upande wa nne,
ufa mmoja chini, na harufu ya iliki isiyotoka.
Elfu saba. Akatupunguzia mia tano
alipouliza la nini, tukamwambia, akacheka mpaka akakaa.

Jumapili tukashuka Igogo, jiwe kwa jiwe,
hadi kwenye matete.

Wa kwanza alishika tete kama kifungo kilichosahau shati lake,
mistari ya pipi, nyayo nyekundu.
Mimi nilimchagua palepale, nikiri.
Nyamizi akauliza, "Atakula nini?"
Visubi, nikasema, tazama, si hao wamejaa?
Huja na mwezi mwandamo, moshi mzima kutoka ziwani,
unafumba mdomo ukipita.
"Na mwezi ukikua?"
Nikatazama maji.

Wa pili alikuwa kidimbwini, bapa kama andazi lililokaliwa,
macho juu ya kichwa, kucha nyeusi vidoleni.
Huyo nchi kavu haitaki. Anataka maji,
mengi, safi, mchana na usiku,
na sisi tulikuwa na ufa.

Tukapanda mlima mikono mitupu.
Yeye hakulia. Alikuwa anahesabu.

Wa tatu hatukumtafuta.
Alikaa nyuma ya bafu, chini ya bomba linalodondoka,
mnene, vipele mgongoni,
na uso wa mwenye nyumba aliyefuata kodi.
Mende akapita.
Sikuuona ulimi. Nilimwona mende, kisha sikumwona.
"Mende tunao, Baba," akasema mwanangu,
kwa sauti ya mtu aliyegundua kuwa ni tajiri.

Jirani yetu Kwandu alichungulia, akavuta pazia.
Asubuhi tukakuta chumvi kizingitini.
Nyamizi akaifagia yote, punje kwa punje,
bila kinyongo wala hofu:
chumvi inamuunguza, akasema, ngozi yake ndiyo mdomo wake,
hunywa kwa tumbo, akikaa tu.

Tangu siku hiyo nina kazi ya pili.
Maji ya bomba yana dawa, lazima yalale.
Kila jioni najaza ndoo, naiacha wazi,
kesho yake ndiyo yanafaa kuingia kwenye sahani yake.
Nimejifunza kusubiri maji.
Nimeuliza pia wanaishi muda gani.
Miaka kumi, nikaambiwa, ukimtunza, hata zaidi.
Kumi na kumi. Nyamizi atakuwa ishirini,
na kabati hili sijui litakuwa kwa nani.

Usiku mmoja alijivua ngozi.
Akaivuta kichwani kama fulana iliyobana,
akaila, akapepesa macho, akawa mpya.
Tuliangalia kwa tochi, hatukuamshana na mtu.

Yeye humshika, mara chache,
viganja vimelowa maji yaliyolala,
kisha hunawa, tena kwa sabuni, mpaka kwenye kiwiko.
Mimi sijawahi.
Grisi ya minyororo imekaa kwenye mistari ya mikono yangu
kabla yeye hajazaliwa,
na petroli ninayoitolea ni mbaya kuliko grisi.
Naweka kiganja upande wa pili wa kioo.
Anakitazama.
Pengine anadhani ni mende mkubwa sana.